Niulize Udhia

Niliingia katika utafiti wa huduma za afya kwa sababu naogopa damu. Watu hucheka nikisema hivyo, wakidhani natia chumvi. Katikati ya miaka ya themanini, nilipomaliza kidato cha sita, nyumba yetu nzima ya Likoni ilikuwa imeshakubaliana kwamba nitakuwa muuguzi. Mama mkubwa, dada wa mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa ameshawatangazia majirani kabla hata sijapata barua ya kuitwa. Wiki ya kwanza ya mafunzo tulipelekwa kutazama mtu akishonwa kidole kilichokatwa na panga. Nilipozinduka nilikuwa nimelala sakafuni, na yule mwenye kidole ndiye aliyekuwa akinipepea.

Nilirudi nyumbani na sanduku langu, nikijiandaa kusimangwa. Mama mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi. Madaktari si wote wa kushika kisu. Kuna na wa kuandika." Jioni ile ile alipita nyumba hadi nyumba akirekebisha habari: mtoto wake hasomei uuguzi tena, yuwasomea udaktari wa kuandika. Hakukuwa na kitu kama hicho, angalau si kwa jinsi nilivyojua, lakini jina likanishika. Hata nilipokwenda chuo kikuu kusoma elimu ya jamii, na baadaye nikasomesha shule ya wasichana kwa miaka michache, mtaani nilikuwa daktari wa kuandika. Nilikuwa nikikasirika sana, maana walikuwa wakilitamka kwa upole ule wa kumtania mtu bila ya yeye kuwa na la kujibu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilipata nafasi ya kusomea shahada ya pili huko Nairobi, na ndipo nikakutana na mtu aliyelifanya lile jina liwe kweli. Alikuwa mwalimu wangu msimamizi, mzee mfupi wa bara, mwenye sauti ndogo na tabia ya kuvua miwani kila anapoudhika. Siku zile wenzangu wengi walikuwa wakitafiti vitanda: hospitali ina vingapi, vinahitajika vingapi, dawa imefika au haikufika. Yeye alituuliza swali moja darasani: mgonjwa akianza matibabu asiyamalize, nani anajua sababu? Tukajibu, daktari. Tukajibu, rekodi. Akavua miwani. "Anayejua ni yule mgonjwa," akasema, "na yeye ndiye hamjamtaja." Nilihisi kama mtu aliyekuwa akitafuta mlango gizani akaugusa kwa bahati. Huku ndiko nilikotaka kwenda: afya bila damu, na watu badala ya vitanda.

Basi nikachagua kituo kimoja cha afya upande wetu wa kusini mwa feri, kituo ambacho nitakiacha bila jina, nikapanga kuwauliza wagonjwa wanavyoiona huduma yao. Swali langu kuu lilikuwa kwa nini wenye maradhi ya muda mrefu, ya sukari, ya presha, ya vidonda, huanza vizuri kisha wakapotea.

Mwaka huo huo mama mkubwa alivaa viatu vipya kwenye harusi Jomvu Kuu. Vilikuwa viatu vya kufunga, vyenye ukanda nyuma, na ule ukanda wa mguu wa kushoto ukamla kisigino. Alikuwa na sukari kwa miaka mingi. Alisikia maumivu tangu kabla bibi harusi hajatolewa nje, akacheza nayo, akala nayo biriani, akarudi nayo mpaka Likoni, asimwambie mtu. Walipomwuliza asubuhi hujambo, alisema hajambo. Mimi nilipofika kuanza utafiti kisigino kilikuwa kimeshafunguka, na ndipo nikamburura mpaka hospitali ya kisiwani, ng'ambo ya feri.

Daktari alitusemesha sote wawili kwa pamoja. Kidonda kisafishwe na kufungwa upya kila siku ya pili, katika kituo kilicho karibu na nyumbani, bila kukosa. Kikizama mpaka kwenye mfupa, mguu utakatwa chini ya goti. Alisema hivyo bila kupinda maneno, na namshukuru. Mama mkubwa alimsikiliza kama anayesimuliwa habari za mguu wa jirani. Tulipotoka nje akajitengeneza buibui, akaniambia, "Mguu huu nimezaliwa nao, na n'tazikwa nao, inshallah. Haya, twende tukanunue ndizi."

Kituo kilicho karibu na nyumbani ndicho kile kile nilichokichagua. Nilijipongeza kwa mpango mzuri namna ile: nitafanya kazi yangu na nitamtazama mama mkubwa, yote chini ya paa moja.

Sasa nieleze habari ya lile neno. Maswali yangu niliyaandika kwa Kiingereza, kama chuo kilivyotaka, halafu yakatakiwa yatiwe katika Kiswahili. Mwanafunzi mwenzangu wa kutoka bara alipendekeza tuwaulize wagonjwa kama "wamefurahia" huduma. Nilimcheka. Nani anayefurahia sindano? Akajaribu "wametosheka," nikamwambia hiyo ni ya mtu aliyetoka kula pilau. Mimi ni mtu wa pwani, nikamwambia, Kiswahili ni cha kwetu, niachie. Nikaandika: Je, umeridhika na huduma uliyopata? Nililisoma kwa sauti mara kadhaa, kwa jinsi lilivyokaa vizuri mdomoni. Wiki nzima nilitembea kifua mbele kwa ajili ya swali hilo.

Nikaanza kuuliza. Niliuliza pale kituoni, nikawafuata na wengine majumbani, Likoni mpaka Mtongwe, nikipokewa kila nyumba kwa mkeka na chai ya tangawizi. Je, umeridhika? Alhamdulillah, nimeridhika. Bi mkubwa mmoja alikuwa amekaa tangu asubuhi, akaambiwa dawa yake imekwisha, arudi wiki ijayo. Umeridhika? "Nimeridhika, mwanangu, nimeridhika sana." Mzee mmoja mwenye presha, niliyemjua vizuri kwa sababu kijana wake alimwoa binti wa mama mkubwa, aliinua mikono yote miwili kama anayeitikia dua. Ameridhika. Na mama mkubwa mwenyewe, nilipomtania kwa kumwuliza kama nilivyowauliza wengine, alikaa sawasawa kwenye kiti na kunijibu kwa heshima zote: ameridhika.

Nikapeleka Nairobi mzigo wa karatasi zilizosema jambo moja. Mwalimu wangu alizipitia taratibu, moja baada ya nyingine, nami nikiwa nimekaa mbele yake nikitazama miwani. Ikavuliwa.

"Kwa hiyo," akasema, "wewe umegundua kituo bora kabisa duniani. Na wagonjwa wake hawarudi."

Aliniambia nirudi nikatafute kilichokosekana, au nibadilishe mada kabla mwaka haujaisha. Hakupandisha sauti, na ndivyo nilivyozidi kuumia. Nilikaa Nairobi wiki kadhaa nikisoma vitabu, nikitafuta ndani yake kosa ambalo kumbe halikuwamo vitabuni.

Niliporudi Likoni, nilipofungua tu mlango wa nyumba, nilinusa udi. Ilikuwa mchana, siku ya kazi, hakuna mgeni, hakuna maulidi, hakuna mwari. Mama mkubwa hakuwa mtu wa kupoteza udi. Nilisimama pale mlangoni, kwa sababu chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine, na hata mtu aliyezimia siku ya kushonwa kidole anaijua harufu hiyo.

Alikuwa amekaa chumbani na mguu juu ya mto, umefungwa kipande cha leso kuukuu. Hakuwa ameingia kituoni tangu siku chache baada ya mimi kuondoka.

Nilikasirika, na mimi nikikasirika huwa sichagui maneno. Nilimwuliza kwa nini. Akasema hajambo. Nilimwuliza kama ametukanwa, kama amefukuzwa, kama wamemnyima bandeji. Akasema la, Mngu awajaze kheri, wamfanyie nini zaidi. Kwa hasira nikamtolea lile swali langu zuri, neno kwa neno, kama askari anayesoma mashtaka: je, umeridhika na huduma uliyopata?

"Nimeridhika," akasema. "Na usinipigie kelele. Mimi ni mwele wa mguu, si wa masikio."

Nikaenda jikoni kukuna nazi, maana mikono yangu ilihitaji kitu cha kukwaruza. Nilikuwa nimeketi juu ya mbuzi, nakuna kana kwamba ile nazi ndiyo iliyonikosea, jirani alipoingia ua. Alikuwa shoga wa mama mkubwa tangu ujana wao. Nilimsikia akimtoa mama mkubwa nje kwenye kivuli, akimtilia mto, wakaanza kumenya mihogo na kuzungumza. Sikuwa nikisikiliza. Kisha jirani akauliza, "Kule kwa kufungwa kidonda huendi tena?"

"Niende wapi?" akasema mama mkubwa. "Kule udhia mtupu, dada yangu. Udhia! Acha nikupe."

Akampa. Alitoa kila kitu, kwa mpangilio, kwa sauti za watu wote waliohusika, na jirani akiitikia "Ehe!" na "Wee!" kila panapotakikana. Nilisimama katikati ya jiko, nazi iliyokunwa imenijaa mkononi. Kila nilichokitafuta kwa miezi kilikuwa kikimwagika uani pamoja na maganda ya mihogo, bila ya mtu kuulizwa swali lolote.

Chumba cha kufungia vidonda, alisema, kilikuwa kimejazwa makasha na vitanda vibovu, kwa hiyo wagonjwa wakifungwa vidonda kwenye ubao wa kukalia ulioko uchochoroni, upande nisiokanyaga mimi kwa kuogopa damu. Mkabala na ubao huo ndipo ulipo ubao wa wanaume wanaosubiri dawa za presha. Sista hutoka na kupaza sauti, "Wa vidonda, hapa!" kila mtu akageuka kutazama nani anaoza. Halafu mama mkubwa hutakiwa kuinua buibui na leso mpaka gotini, aweke mguu juu ya kiti, mbele ya watu. Alivumilia. Alijifunika uso akavumilia, mara kadhaa, mpaka siku moja alipofungua jicho moja kutazama kama kazi imekwisha. Aliyekaa mkabala naye, magoti kwa magoti, alikuwa mkwewe.

"Mkwe!" akapiga jirani kelele.

"Mkwe wangu, baba yake mume wa mwanangu. Goti langu ambalo hata jua halilijui, kaliona. Maskini kageuka, kautazama ukuta mpaka nikamwonea huruma. Sikwenda tena. Na yeye, wallahi, tangu siku hiyo sijamsikia mtu akisema kamwona kule."

Nikatoka jikoni na mikono yangu vile vile. "Mama mkubwa! Si uliniambia umeridhika?"

Wote wawili waliniangalia. Mama mkubwa aliweka kisu chini, akanifafanulia polepole, kwa sauti aliyokuwa akitumia zamani kunifundisha kufunga leso.

"Nimeridhika. Maradhi kanipa nani? Si Mngu? Nikisema sikuridhika, n'takuwa namwambia nani hivyo? Hilo ni lake Yeye. Udhia ni wa wanadamu. Wewe hukuniuliza udhia."

Nilikaa pale pale chini, juu ya maganda. Nilikuwa nimewaendea watu wazima, wengi wao waliokwisha kuswali swala zao za siku hiyo, nikawauliza kama wameikubali kadari ya Mola wao, nikashangaa kwamba wote wamejibu vizuri. Mwenzangu wa bara na "kufurahia" kwake asingelikosea hivyo. Ilihitaji mtu aliyekulia katika lugha yenyewe, anayejisifu nayo, kwenda moja kwa moja kwenye neno zito kuliko yote akalitumia kuulizia foleni. Nilianza kucheka, halafu nikalia kidogo, na jirani akaniambia niache, machozi yanaingia kwenye mihogo.

Lakini mguu ulikuwa bado uko pale, juu ya mto. Kuelewa si kupona. Siku iliyofuata nilikwenda kituoni nikiwa nimeshika ugomvi wangu mkononi, tayari. Sista wa vidonda alikuwa mwanamke mrefu kutoka bara, mwenye mwendo wa haraka, ambaye tangu nianze utafiti sikuwahi kumwona amekaa. Nilimwambia yote, bila kumung'unya. Nilipofika kwenye habari ya mkwe, akakaa.

"Ai," akasema. "Na mimi nimekuwa nikijiuliza hawa mama wanaenda wapi. Wanakuja mara mbili, mara tatu, wananiombea baraka, halafu wanapotea. Nilidhani wamepona. Ama wameenda kwa waganga. Kwetu mtu akichukia atakuambia. Hawa wananiambia tu asante."

Sikutegemea kumpenda, lakini nilimpenda pale pale. Tulikwenda pamoja kwa mkubwa wa kituo. Yeye alitueleza kwamba vile vitanda vibovu ni mali ya serikali, na mali ya serikali haitolewi chumbani bila kibali, na kibali kimeombwa zamani. Nilikuwa nikivuta pumzi ya kumjibu, sista akanitangulia. "Hatuvitoi," akasema kwa adabu. "Tunavipanga tu." Mchana ule, yeye, mfagiaji na mimi tulivipandisha vile vitanda kimoja juu ya kingine mpaka karibu na dari, tukapata nusu ya chumba, yenye dirisha. Mlango haukuwepo, ulikwishang'olewa ukatumika pengine. Kwa hiyo lilitakiwa pazia.

Nilileta leso kutoka nyumbani, na hapo ukazuka ubishi ambao mtu wa pwani hatauona wa ajabu. Leso, yaani kanga, zina maneno, na maneno ya leso nyingi ni mafumbo ya wake wenza na majirani wasiopatana. Ya kwanza niliyoileta, mfagiaji, mtu wa Mtongwe, aliisoma akaniuliza kama nataka wagonjwa wapigane. Ya pili ilikuwa na maneno ya mapenzi, na hayo mbele ya kidonda hayafai. Sista alisimama katikati yetu akituuliza kwa nini tusiitundike kichwa chini, basi. Mwisho ikapatikana moja iliyofifia kiasi kwamba haikusomeka tena, na hiyo ndiyo tuliyoitundika.

Kazi iliyobaki ilikuwa kumrudisha mwenyewe. Nilimwambia mama mkubwa kwamba sasa kuna chumba.

"Kina mlango?"

"Kina leso."

"Leso gani?"

Nikamwambia, na nikamsimulia na zile mbili zilizokataliwa. Alicheka mpaka akashika ubavu, na nilijua kutokana na kicheko kile kwamba atakwenda. Alipofika, sista alimtokea hadi nje. Hakupiga kelele za wa vidonda. Aliinama akasema, "Shikamoo, mama," kwa lafudhi yake ya bara, na mama mkubwa akaitikia marahaba kwa sauti ya kusikika uchochoro mzima, ili walioko wajue.

Wiki zile nilikuwa na hofu moja tu, kwamba tumechelewa. Sista alisema kidonda ni kirefu na kwamba yeye hawezi kuona mwisho wake. Tukapanda feri tena kwenda kwa yule daktari wa kisiwani, mama mkubwa akisoma dua chini kwa chini; chumbani kwake mimi niliutazama ukuta, maana damu naijua itakavyonifanya. Daktari alisafisha, akachungulia, akapima kwa chuma chembamba. Nilisikia sauti ya chuma kikiwekwa kwenye sahani.

"Mfupa haujaguswa," akasema. "Lakini ulikuwa karibu. Mngeendelea kukaa nyumbani, leo ningezungumza mengine."

Nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa nikasema alhamdulillah mara nyingi mfululizo, na safari hii nilijua nasemea nini.

Baada ya hapo niliirudia kazi yangu yote kutoka mwanzo, na niliifanya kwa furaha ambayo sijaipata katika kazi nyingine. Nilianza kwa mzee wa presha, mkwe. Niliketi barazani kwake, nikamwuliza kwa njia ya mbali kama kulikuwa na udhia wowote kule. Alishusha macho, akasema kuna mambo mwanamume hawezi kuyatazama, kwa hiyo heri akae kwake na presha yake. Nilimwambia siku hizi kuna pazia. Aliuliza tu ni zito kiasi gani. Wiki iliyofuata alirudi kuchukua dawa.

Kila nyumba nilikomwuliza mtu udhia, mkeka ulitandikwa upya. "Udhia? Kaa, mwanangu, kaa vizuri." Hawakuwa watu wa kulalamika, ila walikuwa wakisubiri mtu atenganishe la Mungu na la watu. Wakasema yote: kuitwa kwa jina la maradhi, kuambiwa rudi kesho bila sababu, dawa kuelezwa kwa haraka na kwa lugha ya karatasi. Nilipovuka kwenda kulinganisha na vituo vya upande wa pili, Changamwe na Frere Town, nikajikuta mjinga tena, maana wengi kule walikuwa wafanyakazi waliotoka bara. Mfanyakazi mmoja wa bandarini aliniuliza, "Udhia ni dawa gani hiyo? Bado sijaandikiwa." Kule nikauliza usumbufu, na wao pia wakaniambia nikae. Nikaona kwamba kazi yangu haikuwa neno moja. Ilikuwa ni kusikiliza kwanza watu wa mahali wanalalamikiana vipi wao kwa wao, jikoni na uani, kabla ya kuwaendea na kalamu.

Mwalimu wangu alipoipokea kazi ile, aliisoma na miwani yake ikiwa usoni kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Aliniuliza tu, udhia ni nini kwa Kiingereza. Nikampa maneno matatu, tukayajaribu moja moja, hakuna lililotosha. Akasema liache lilivyo. Siku ya kuitetea mbele ya jopo, mmoja wa watahini alinikazia macho akauliza kama nataka kuwaambia kwamba wagonjwa wangu wa mwanzo hawakusema kweli.

"Walisema kweli," nikajibu. "Niliwauliza swali la Mungu, wakanijibu la Mungu."

Pale mwisho wa meza mwalimu wangu alivua miwani, lakini ilikuwa ni kwa ajili ya kufuta macho. Walinipitisha. Tangu siku hiyo sijafanya kazi nyingine ila hiyo, ya kuwauliza wagonjwa na kuwasikiliza, na sijawahi tena kuogopa kuitwa daktari wa kuandika.

Nilirudi Likoni na zawadi. Nilikuwa nimetafuta Nairobi nzima viatu vya mama mkubwa, vipana, laini, visivyo na ukanda nyuma, nikaviingiza mkono ndani kila pembe kutafuta mshono unaokwaruza. Kidonda kilikuwa kimefunga, pamebaki kovu linalong'aa kwenye kisigino. Alivivaa uani, jirani akiwepo, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, kwa miguu yake yote miwili, na mimi nikiwa nimemkodolea macho utadhani ni mtoto anayeanza dede. Kisha akakaa, akavua cha kushoto, akanielekezea.

"Hiki chanibana. Hapa, kwenye kidole kidogo. Chaniudhi."

Nikaangua kicheko, na machozi yakatoka pamoja nacho. Yule aliyecheza harusi nzima na kisigino kinachotoka damu asimwambie mtu alikuwa ameketi mbele yangu, kiatu hakijamaliza hata dakika mguuni, analalamika.

"Wacheka nini?" akasema. "Wewe si daktari wa kuandika? Haya, andika."

Nikapiga magoti, nikamvua na cha pili.